Embu hadi Meru kwa baiskeli, kwa njia ya chini

Msomaji, huenda umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Embu hadi Meru. Kama umefanya hivyo, nadhani ulilala. Barabara ile, iliyotiwa lami katika miaka ya 1980, huuzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki kama mshipi kiunoni, na gari likishapita Runyenjes huanza kuteremka na kupanda, kuteremka na kupanda, hadi abiria mwenye tumbo dhaifu aombe dirisha lifunguliwe. Kila mteremko una mto wake. Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita na mingine mingi, yote hupita chini ya magurudumu kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho, kisha dereva akabadilisha gia na mto ukasahauliwa.

Mimi nilizaliwa kando ya barabara hiyo, viungani mwa Runyenjes, penye kahawa na majani chai. Kwetu mtu akisema "huko chini" anamaanisha Mbeere na Tharaka, na aghalabu husema hivyo huku amekunja uso. Huko chini ni kwa jua na miiba. Huko chini ndiko watokako vijana wa kutuchungia ng'ombe, na ndiko chakula cha msaada hupelekwa mvua ikikosa. Nilifikisha miaka thelathini na ushei bila kukanyaga huko, ila ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Mwezi wa Agosti uliopita, nikiwa na likizo ya siku kumi na bila pesa za kwenda Mombasa, niliamua kufika Meru kwa baiskeli nikipita huko huko chini, nikilifuata bonde la mto Tana. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa nyumbani akisubiri kuitwa chuoni, akasema hawezi kubaki nyuma.

Pengine utauliza kwa nini tusipite njia ya juu, yenye lami nzuri na hewa baridi. Jibu ni Nithi. Daraja la Nithi liko chini ya mteremko mrefu wenye kona, na breki za magari mazito huchoka kabla ya kulifikia. Julai 24, 2022, basi lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa la kwanza. Mwendesha baiskeli anayeshuka pale akiwa na lori nyuma yake ni mtu aliyechoka kuishi.

Basi tulikuwa na baiskeli mbili. Moja ni ya gia, ya mitumba, niliyoinunua Nairobi. Ya pili ni Black Mamba ya mjomba, ile nyeusi nzito yenye breki za vyuma na karia inayoweza kubeba gunia la viazi. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa, nilichukua ya gia. Nisingependa kulizungumzia zaidi jambo hilo, ila kueleza kwamba kufikia siku ya pili ndugu yangu alikuwa amedai haki zake na tukawa tunabadilishana kila baada ya saa moja.

Kutoka mji wa Embu hadi Kiritiri hutapiga pedali sana. Embu iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, nawe unateremka. Tuliondoka saa kumi na mbili unusu tukiwa tumevaa sweta. Kufikia saa mbili sweta zilikuwa kwenye karia. Kahawa ilitoweka kwanza, kisha migomba, mikadamia ikapungua, na badala yake ikaja miembe, mahindi mafupi na mashamba ya muguka, vichaka vya kijani kilichokolea vilivyopangwa kwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Muguka ndiyo karo ya shule huku. Mwaka 2024, gavana wa Mombasa alipotangaza kuupiga marufuku, Mbeere nzima ilihisi kana kwamba imenyang'anywa sahani mezani. Lakini nikuonye: magari yanayoubeba hayamngoji mtu, kwa kuwa majani hayo hupoteza bei yakinyauka. Ukisikia honi nyuma yako, shuka kabisa barabarani. Usisubiri kuona kama dereva atakupisha, maana hatakupisha.

Baada ya Kiritiri, miti ya migunga ikaanza, na kabla ya jioni tukaliona bwawa la Kamburu, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwa yametandazwa katikati ya vilima vikavu. Hapa mto Thiba, uliotoka kunywesha mpunga wa Mwea, hukutana na Tana. Upande mmoja ni Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976, yenye ndovu, twiga na viboko. Usiingie hifadhini kwa baiskeli bila kuuliza langoni, wala usipige picha mitambo ya umeme bila ruhusa. Askari wake si watu wa mzaha.

Mabwawa haya ni matano, nayo yamepangwa kama ngazi. La juu ni Masinga, lililokamilika 1981, ambalo likijaa uso wake huwa mita 1,056 juu ya bahari. Maji yakitoka hapo huingia Kamburu (1974), mita 1,006. Kisha Gitaru (1978), 924. Kisha Kindaruma, lililotangulia yote mwaka 1968, mita 780. Na mwisho Kiambere (1988), mita 700. Maana yake ni kwamba tone moja la mvua iliyonyesha kwenye Aberdare au Mlima Kenya hufanyishwa kazi mara tano kabla ya kuachiliwa liende zake Garissa. Kwa pamoja ngazi hiyo inaweza kutoa karibu megawati 600, na Gitaru peke yake, ambalo mitambo yake imefichwa chini ya ardhi, ni 225. Mwaka 2009 ukame uliposhika, mtambo wa Masinga ulizimwa kwa kukosa maji. Mwaka 2024 mambo yakageuka, mabwawa yakafurika hata watu wa chini zaidi ya mto wakahamishwa.

Haya yote niliyajua kwa kuyasoma. Nisilolijua ni namna nyaya zenyewe zinavyolia. Siku ya pili tulipita chini ya milingoti mikubwa ya umeme kwa muda mrefu, na kila tulipopumzika tulisikia mvumo juu ya vichwa vyetu, kama nyuki walio mbali. Mzee mmoja mwenye duka alituambia kwamba kwa miaka mingi alifunga biashara jua likitua kwa kukosa mafuta ya taa, huku umeme wa Nairobi ukipita juu ya paa lake. Sasa ana balbu na jokofu. Alitufungulia jokofu hilo tulitazame kabla ya kutuuzia soda.

Kiambere ndipo ningekushauri ulale, msomaji, hata kama kitanda ni cha kamba. Jioni milima ya Kitui ng'ambo hugeuka zambarau, na wavuvi hurudi na tilapia na kambare. Tulikula samaki wa kukaanga kwa ugali, tukasimama ukingoni, lakini si karibu sana. Mamba wamejaa. Wanawake na watoto wengi wa kando ya bwawa hili wamejeruhiwa au kuuawa wakichota maji, na maelfu ya watu waliohamishwa bonde lilipofurishwa walipelekwa mbali na mashamba yao ya kandokando ya mto. Mvuvi mmoja aliuliza baiskeli yetu nzee inaitwaje. Ndugu yangu akamwambia, Black Mamba. Akacheka sana. "Huyo wenu ana bahati," akasema, "hali watu."

Siku ya tatu sina mengi ya kueleza. Ilikuwa njia ya vumbi kuelekea Ishiara, mlima Kiang'ombe ukiwa upande wetu wa kushoto, mbuzi wengi, na pancha mbili. Tulilala Ishiara hoi bin taabani.

Siku ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tuliamka tumechelewa. Tukanywa chai bila haraka. Ndugu yangu alitaka tujaze chupa zote sita tulizokuwa nazo, nami nikamwambia maji ni mzigo, kila mtu abebe chupa moja, tutajaza Kathwana, na kwamba nchi hii ina mto kila baada ya kilomita chache. Nilikuwa nikisema kama mtu wa kwetu. Juu ni kweli. Juu ukikosa mto, utakuta mfereji, na ukikosa mfereji utakuta bomba.

Tulivuka mto Thuci, mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Niliusimamia darajani kwa sababu ni mto wetu. Kijito kinachopita nyuma ya shamba la baba huingia ndani yake, na utotoni tulikuwa tukikatazwa kuuvuka wakati wa mvua. Huku chini ulikuwa mwembamba, ukijipenyeza katikati ya mawe, na mchanga mwingi ukiwa wazi pande zote mbili. Nikasema moyoni, ni kiangazi.

Mwendo kidogo baada ya hapo mwiba wa mgunga ulitoboa tairi la nyuma la Black Mamba. Tukaziba. Ukatoboa tena, mahali pengine. Gundi ikatuishia, ikabidi tufunge tyubu kwa mpira uliokatwa. Kazi hiyo ilitumaliza saa mbili nzima, juani, na tulipomaliza ilikuwa saa saba, na chupa zote mbili hazikuwa na kitu. Makorongo mawili tuliyoyapita yalikuwa mchanga mtupu. Nyumba ziko mbali na barabara. Bodaboda moja ilitupita kasi, ikatupungia mkono, ikaenda.

Ndugu yangu alianza kwenda mbio za nyoka. Nilidhani anacheza. Kisha akashuka, akaketi chini ya mbuyu, akatapika. Nilipomgusa shingo ilikuwa kavu, haina jasho, na moto kama sufuria. Alipojaribu kunijibu maneno yalikuwa hayana mpango. Nilipiga simu mara tatu, mtandao haukuwapo. Msomaji, nimefanya kazi ya kuandika habari za ajali za watu wengine kwa muda si haba, na sijawahi kuogopa namna hiyo.

Aliyetokea ni mama mmoja wa makamo na punda wake, na punda alikuwa na mitungi minne ya plastiki, ile ya lita ishirini. Alitutazama mara moja tu. Hakuuliza sisi ni nani. Alifungua mtungi, akamvua ndugu yangu shati, akalilowesha na kumfunika kichwa, akammwagia kifuani na mgongoni, kisha akamnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, akimkataza kugugumia. Mimi akanipa mwisho. Kazi hiyo ilichukua karibu mtungi mzima. Aliniambia nimpepee, nikampepea kwa ramani.

Yeye alizungumza Kitharaka na mimi Kiembu, na tulielewana vizuri kuliko nilivyotarajia, kwani lugha hizi ni za nyumba moja. Ndugu yangu alipoanza kusema maneno yenye maana, nilimuuliza mama huyo maji ameyatoa wapi.

"Thuci," akasema. Alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya jua, na alichimba mchangani kupata yaliyo safi.

Nilimwambia sisi pia ni wa Thuci, wa juu, upande wa Runyenjes. Nilisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyegundua jamaa. Akanitazama.

"Nyinyi ndio mko na maji," akasema. Kisha akaeleza, bila hasira yoyote, kwamba mama yake hakuchimba mchanga. Mto ulikuwa ukija wenyewe hata Agosti na Septemba. Siku hizi miezi hiyo huja mwembamba, miaka mingine haufiki kabisa, na watu husema huko juu kila shamba limetia bomba lake. "Ni kweli?" akaniuliza.

Ni kweli. Bomba letu ni la plastiki nyeusi, nchi mbili, na baba alilitandaza kutoka kijitoni miaka mingi iliyopita. Hunywesha maharagwe na kabeji kwa kinyunyizio kinachozunguka chenyewe. Msimu wa kiangazi huachwa wazi usiku kucha, kwa kuwa hakuna bili na hakuna anayeuliza. Nimelala tangu utotoni nikisikia mlio wake, tsi, tsi, tsi, na nikiwa Nairobi ndio sauti ninayoikumbuka nikikumbuka nyumbani.

Nilimjibu kwamba ni kweli. Nikatoa pesa. Akazikataa. Nikamuuliza kama ana simu nimtumie, akacheka kidogo na kusema kwamba lau tungekuwa wenyeji angetuuzia, maji huku huuzwa kila siku, lakini mtu aliyeketi chini haulizwi pesa. Alikubali jambo moja, kwamba nimsaidie kuusawazisha mzigo, maana mitungi mitatu haikai vizuri mgongoni mwa punda. Tulihamisha maji nusu kutoka mtungi mmoja hadi ule mtupu. Kisha akaenda zake.

Basi kama utaifuata njia hii, na bado nakusihi uifuate, bebeni lita tano za maji kila mtu kuanzia Ishiara, hata kama baiskeli inalalamika. Endesheni kuanzia alfajiri hadi saa nne, pumzikeni kivulini, mkaendelee baada ya saa tisa. Aprili na Novemba mvua huharibu njia za udongo, na Februari jua halina huruma. Miezi ya katikati ya mwaka ndiyo afadhali. Chukueni chandarua, tyubu za akiba na gundi ya pancha mara mbili ya mnayodhani yawatosha. Kila mmoja avae kofia ngumu. Kukiwa na giza msiendeshe, na kando ya Tana msitembee jioni, kwani kiboko akiwa anatoka majini hapendi kukutana na mtu. Mtu akiacha kutoka jasho katika jua kali, hiyo si uchovu. Mtafutieni maji, kivuli na daktari.

Sisi daktari tulimpata kwenye kituo cha afya jioni hiyo, tulikofikishwa kwa pikapiki, baiskeli zikifuata juu ya gari la ndengu. Alisema mgonjwa amepona kabla ya kufika kwake, akampa chumvi za kuchanganya na maji na kumwamuru alale siku nzima. Ndiyo sababu safari ya siku tano ikawa ya sita, na ndiyo sababu nimeijua Marimanti, ambako pengine tungelala usiku mmoja tu na kuondoka. Ni mji mdogo wenye joto la tanuri na watu wasio na haraka. Mibuyu imesimama katikati ya mashamba ya mtama na mawele, na mizinga ya magogo inaning'inia kwenye migunga. Asali yake ni nyeusi, ina moshi kidogo. Tulikunywa uji wa mawele kwa kibuyu asubuhi na jioni. Si mbali na hapo, Tana huporomoka kwenye majabali ya Grand Falls, ambako bwawa jingine, kubwa kuliko yote, limekuwa likizungumzwa kwa miaka mingi. Sikufika. Sikutaka kumwacha mgonjwa peke yake, wala kumpeleka juani.

Kutoka Marimanti kupitia Tunyai hadi Mitunguu ni lami, na ni kupanda. Mitunguu hukujia kama ndoto: ghafla migomba kila upande, mifereji, malori yanayopakia ndizi za Nairobi. Maji tena. Kutoka hapo hadi Nkubu tulisukuma zaidi ya tulivyoendesha, na hewa ikawa baridi, na kahawa ikarudi. Mbele ya Nkubu tulivuka ikweta; ndugu yangu aliweka gurudumu la mbele kaskazini na la nyuma kusini, nikampiga picha. Tuliingia mji wa Meru saa kumi na moja jioni, tukanawa uso kwa maji ya Kathita yaliyokuwa baridi hata yakaumiza meno.

Tulirudi nyumbani kesho yake kwa matatu, kwa barabara ya juu, baiskeli zikiwa zimefungwa juu ya gari. Hakuna aliyelala kati yetu. Kila tulipoteremka kwenye daraja, ndugu yangu alitaja jina la mto kabla ya kibao kuonekana, na Nithi ilipofika alinyamaza kama abiria wote. Ukawa usiku tulipofika. Mama alikuwa ametuwekea githeri. Baba aliuliza kama ni kweli huko chini kuna joto, tukasema ndiyo, tukala, tukaenda kulala.

Niliisikia mara tu taa ilipozimwa, tsi, tsi, tsi, ikizunguka gizani kwenye kabeji. Ndugu yangu aliamka, akachukua tochi, akatoka. Baada ya muda sauti ikakoma.

Asubuhi mzee alisimama uani na kikombe chake cha chai, akauliza ni nani aliyefunga maji.